Siku Niliyofanywa Mwajiri

Senene wa zamani walikuwa wanaanguka wenyewe. Siyo hawa wa leo wa kuvutwa kwa mataa makubwa na mabati, hawa wanakwenda penye mwanga kama wagombea. Wa zamani walishuka alfajiri kwenye nyasi zenye umande, wamelowa, kuruka hawawezi, unawaokota kama maharage yaliyomwagika. Kwetu Maruku bibi yangu alikuwa na kipande chake cha nyasi nyuma ya kibanja chetu cha migomba, na senene walikipenda kila mwaka, sijui kwa nini. Labda kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kelele.

Asubuhi moja akanishika sikio akaniambia, nenda kwa Ma Paskazia umwambie wameshuka. Ma Paskazia peke yake. Nilikuwa na miaka saba au minane, na sauti nilikuwa nayo. Sikufika kwa Ma Paskazia. Nilipanda kichuguu nikapiga ukelele kwamba senene wameshuka kwa bibi, na Maruku yote ikaja. Hata katekista alikuja na foronya ya mto wake. Bibi alipata viganja viwili. Hakunipiga. Alikaa akawanyonyoa wale wachache, mabawa huku, miguu huku, akasema, "Mtoto huyu mdomo wake unafika mbali kuliko akili yake."

Nilikuwa nataka kuwaeleza habari za chuo, senene wamenipitia. Haidhuru. Mdomo huo huo ndio ulionilisha maisha yangu yote, kwa hiyo hatujapotea sana.

Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kutangaza. Kwanza kwa honi ya bati mdomoni, kwa miguu. Halafu kwa spika ya betri begani. Mwishoni kwa spika mbili nilizozifunga kwenye pikipiki, moja inatazama mbele, moja nyuma, ili aliyekosa salamu apate kwaheri. Nimetangaza misiba, chanjo, mipira, mikutano, mbuzi waliopotea, na mara moja mume aliyepotea, ambaye hakuwa amepotea, alikuwa amehama. Kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba, mtu wa umri wangu akisikia sauti yangu anajua ni Ta Felisi, na anasubiri ajue ni nani amekufa.

Aliyenifundisha ni Ta Kagaruki, mzee mmoja mfupi ambaye koo lake lilikuwa refu kuliko yeye. Alinifundisha kusalimia kwanza. Spika isiyosalimia, alisema, ni mwizi aliyeingia uwanjani. Unamsalimia mtu, unamwacha aitikie hata kama ni moyoni, ndipo unamwambia. Unasema siku, unasema saa, unasema mahali, unarudia mahali, unanyamaza. Ukizidisha hapo watu wanabaki wanajadili sauti yako. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, basi ziwa lipe mgongo, upepo ukubebee maneno bure. Ukipita penye turubai la msiba, zima. Hata kama unatangaza kitu kizuri. Hasa kama unatangaza kitu kizuri.

Ninyi mnaotaka kazi za kuandaa shughuli na kuzitangaza, yaandikeni hayo. Siku hizi naona vijana wanaweka sauti kwenye flashi, wanaifunga kwenye pikipiki, wanaenda kulala, pikipiki inazunguka inaongea peke yake kama mlevi. Flashi haijui kuzima penye msiba. Niliisikia moja ikiuza magodoro juu ya maiti.

Lakini na mimi nimekosea. Kosa langu kubwa nililifanya upande wa Muleba, siku ya gulio. Jamaa mmoja akanishika bega akaniambia mzee fulani wa kijiji cha mbele amefariki, mazishi kesho saa nane. Jamaa alikuwa anatoa machozi. Sikujua kwamba alikuwa anatoa machozi tangu asubuhi, kwa sababu ya pombe ya rubisi. Nikaingia kijijini natangaza kwa sauti ile ya chini, ya msiba. Kwenye kona akatokea mzee na fimbo, akanisimamisha.

"Umesema mazishi ni saa ngapi?"

"Saa nane, waitu," nikajibu kwa heshima yetu ya Kihaya.

"Na marehemu ni nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi nina muda wa kula," akasema, akarudi kwake.

Ta Kagaruki aliposikia hakucheka. Aliniambia, "Usitangaze kitu usichokiona kwa macho, au usichoambiwa na mwenyewe."

Nikamuuliza, "Hata marehemu?"

"Hasa marehemu."

Tangu siku hiyo nilikuwa naenda kuangalia. Jeneza naliangalia. Chanjo nauliza iko kwenye jokofu gani. Watu waliniona msumbufu, lakini niliyotangaza yalikuwepo. Shikeni hilo, maana ndilo nililokuja kuliacha siku moja kwa sababu niliongea na watu wenye shahada.

Sasa kabla ya chuo lazima mumjue Deusi. Deusi ni mwanangu wa kwanza. Alipokuwa anasoma Muleba, wenzake walimwita Spika. Mwalimu akiita majina, wao wanaitikia "haloo, haloo, moja mbili". Akanijia siku moja akaniambia, Tata, nakuomba ukipita shuleni kwetu uzime. Nikazima. Kwa hiyo katika maisha yangu ya kazi nilikuwa nazima kwa misiba na kwa Deusi.

Alikua, akawa mtu wa kahawa na ndizi huko huko Muleba, mtu mzito, anaongea maneno machache kama anayeyapima kwenye mzani. Binti yake Adela akaenda chuo, hapa Bukoba, akasoma Kiswahili na maigizo. Akawa anakaa kwangu Nshambya. Deusi alivumilia miaka miwili. Krismasi akasema mbele ya wote, sahani ziko magotini: "Maneno tulishakuwa nayo nyumbani, Tata, hayakututoa popote. Sasa huyu naye anasomea maneno. Mimi nataka nimwone kwa macho yangu mtu mmoja atakayempa kazi. Mmoja. Nisipomwona, mwaka huu wa mwisho hausomi, anahamia uuguzi, anaanza upya."

Adela alichukua sahani akaenda kuziosha, na nilisikia anaziosha mara ya pili.

Basi ndipo chuo kikaniita. Chuo chenyewe sikitaji, na hata ningekitaja kingesema si chenyewe. Kulikuwa na idara inaitwa Sanaa na Insia. Niliuliza insia ni nini. Kamati ilikuwa na watu watano, nikapewa majibu sita, kwa sababu mmoja alijipinga. Nilivyoelewa mimi ni wale wanaosoma lugha, historia, maigizo, dini na fikra. Walitaka kufanya Siku ya Ajira: waajiri wanakuja, wanakaa kwenye meza, wanafunzi wanapita wanauliza nani anahitaji nini, na wazazi wanaalikwa waone kwamba watoto wao hawakupotea njia. Jambo zuri kabisa. Nilijua siku hiyo hiyo kwamba Deusi lazima awepo.

Mwenyekiti alikuwa Dokta Mutalemwa, mtu mwema, mrefu, mwenye haraka ya kuongea na uvivu wa kumaliza. Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tukipishana njiani tunaulizana shahada kabla ya hali. Ni uongo. Tunaulizana hali kwanza, kisha tunajitajia shahada bila kuulizwa. Nilikaa kwenye ile kamati kama mtu wa spika na viti, na nilihudhuria vikao vyote, kwa sababu kulikuwa na chai.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha rangi ya fulana. Cha pili kilikuwa cha rangi ya fulana, maana wa historia hawakuridhika. Cha tatu kilikuwa cha nani atatoa neno la shukrani na nani atamshukuru mtoa neno la shukrani. Cha nne kilitoa kaulimbiu. Nilipewa kwenye karatasi niitangaze: "Sanaa na Insia kama Kichocheo cha Uchumi Shindani, Jumuishi na Endelevu kwa Mustakabali wa Kijana katika Zama za Kidijitali." Nilianza kuisoma Bilele nikaimaliza Nshambya. Mama mmoja muuza ndizi pale Bilele alinikimbilia na mtoto mgongoni.

"Ta Felisi, kuna chanjo?"

"Hapana."

"Kuna aliyekufa?"

"Hapana, Ma. Ni kichocheo."

"Cha nini?"

"Sijafika huko bado."

Akarudi kwenye ndizi zake. Kesho yake vijana wanne wa ujenzi walifika getini pa chuo na bahasha za kaki mkononi, wamesikia neno moja tu katika yote, ajira, na mmoja alikuja na pima maji yake.

Jioni nikamwambia Adela, mama, niandikie kitu kinachosemeka. Alikaa kizingitini na daftari, akafuta, akaandika, akanisomea. Mpaka leo nakijua kwa moyo: "Habari za asubuhi wazazi. Kama una kijana anayesoma lugha, historia au maigizo, na hujui atakula wapi kesho, njoo Jumamosi, saa tatu, pale chuoni. Watu wenye kazi watakuwepo. Usiulize majirani, waulize wenyewe. Ni pale chuoni."

Mnaona? Salamu, siku, saa, mahali, mahali tena. Hakufundishwa na mtu. Mimi nilihitaji miaka na mzee mfupi kunipigia kelele.

Lakini pale kwenye "watu wenye kazi watakuwepo" nilisimama. Nikaenda kwa Dokta Mutalemwa ofisini.

"Dokta, hawa waajiri ni akina nani?"

"Mzee wetu, usiwe na shaka. Orodha ipo." Akanionyesha karatasi yenye jedwali, majina ya sekta yamepangwa, na mbele ya kila moja kuna alama ya vema.

"Hizi vema ni za nini?"

"Ni za uthibitisho."

"Wamethibitisha wao?"

"Tumethibitisha sisi kwamba tutawaalika."

Alisema haraka, na simu yake ikalia, na mimi nikaona ile karatasi ilivyo safi na vema zake za wino wa bluu. Jeneza ningeliangalia. Jokofu ningelifungua. Karatasi ya daktari wa falsafa niliiamini. Nikatoka nikapanda pikipiki, nikatangaza maneno ya Adela siku nne, Bukoba yote, na siku ya gulio nikashuka mpaka Muleba. Nilipita mbele ya kibanja cha Deusi. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa shule sikuzima. Alikuwa anaanika kahawa. Alisimama wima na reki mkononi akasikiliza mpaka mwisho, akaniinulia mkono.

Jumamosi wazazi walijaa. Walitoka Kanyigo, walitoka Muleba, wamevaa nguo za kanisani. Kwenye ukumbi kulikuwa na meza tano zimefunikwa vitambaa vyeupe, kila meza na kibao chake: Habari na Mawasiliano, Utalii na Ukarimu, Mahusiano ya Kimataifa, nyingine nimesahau. Nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Nilidhani wako wanakunywa chai. Nikaenda penye chai. Penye chai palikuwa na kamati.

Barua za mwaliko, kumbe, zilikuwa mezani zinasubiri sahihi. Mwenye sahihi alikuwa safarini wiki mbili, kwenye semina ya namna ya kuwaleta waajiri karibu na vyuo.

Dokta Mutalemwa alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye miwani. "Mgeni rasmi yuko njiani," akasema. "Yuko Kemondo. Ta Felisi, tufanyeje?"

Sasa hapa lazima niseme ukweli ambao haunipendezi. Mimi ndiye niliyewafundisha. Kikao cha tano niliwaambia, kwa kujisifu na kwa sababu maandazi yalikuwa mazuri, kwamba katika kazi hii kiti cha mbele hakikai wazi. Mgeni akiingia akaona kiti kitupu, shughuli imekufa hata kama nyuma wamejaa. Kwenye harusi tunawatoa wapishi, wananawa, wanakalishwa mbele kama shangazi wa bwana harusi. Walicheka sana siku ile. Wa falsafa aliandika kwenye daftari.

Dokta akanitazama, na nikaona lile daftari limefunguka kichwani mwake.

"Mzee wetu," akasema, "wewe uko kwenye mawasiliano miaka mingi kuliko mtu yeyote hapa."

Nilivishwa koti la mhadhiri mmoja wa historia, mikono ikanifunika mpaka vidole. Kifuani wakanibandika kadi: Mkurugenzi. Wa nini, hawakuandika. Ma Jovina mpishi wakamvua aproni wakamkalisha penye Utalii na Ukarimu. Mlinzi wa getini, kwa kuwa aliwahi kulinda ghala kule mpakani Mutukula, akapewa Mahusiano ya Kimataifa. Meza mbili zilizobaki walizisogeza nyuma ya pazia.

Ma Jovina akaniinamia kutoka meza yake. "Ta, ndizi zangu ziko motoni. Zikiungua watakula utalii?"

"Tabasamu, Ma. Wewe ni hoteli."

"Mimi ni hoteli na kuni zimebaki tatu."

Mlinzi alikaa wima hatazami kulia wala kushoto. Mwanafunzi mmoja alimfuata akamuuliza mahusiano ya kimataifa yanahitaji lugha zipi. Akafikiri sana. "Kitambulisho," akasema.

Mgeni rasmi akaingia. Mama mmoja mnene wa miwani, mkubwa wa ofisi fulani, mtu wa kutembea polepole na kuangalia kila kitu. Itifaki ilizingatiwa kwa muda wa saa moja na nusu. Alitambulishwa kila aliyekuwepo, akafuata kila aliyetuma salamu, akafuata na aliyekusudia kuzituma. Wanafunzi wa maigizo walikuwa wameandaa igizo la dakika kumi, likakatwa kwa kukosa muda. Nilimwona Adela pembeni ya jukwaa amevaa kitenge cha igizo, anakunja karatasi zake vizuri, kona kwa kona.

Na nyuma yake, karibu na dirisha, nilimwona Deusi. Suti yake ya ndoa, kofia mkononi. Alikuwa hajaniona. Alikuwa anazisoma meza, moja moja, anatafuta mtu mmoja.

Ikaja zamu ya mgeni kupita mezani. Akapita kwa hoteli, hoteli ikamwambia karibu sana waitu. Akapita kwa mambo ya nje, mambo ya nje yakampigia saluti. Akafika kwangu. Dokta Mutalemwa nyuma yake, kamati nyuma ya Dokta, na wazazi wakawafuata, na mbele ya wazazi Deusi amemshika Adela mkono. Wakasimama. Ndipo Deusi akaniona.

Alitazama kadi kifuani, akatazama mikono ya koti. Uso ukamwiva, ule ule wa siku walizomwita Spika shuleni. Adela akafumba macho.

"Mkurugenzi," mama akasema, "ninyi mnahitaji kijana wa namna gani?"

Hapo ningeweza kusema maneno ya kaulimbiu. Sikuyakumbuka. Nikamwambia ninalolijua.

"Nahitaji anayejua kusalimia, waitu. Anayejua nyumba gani ina mgonjwa, apunguze sauti. Anayeweza kumwambia jambo mama aliyebeba ndoo kichwani, na mama akifika kisimani alirudie vile vile, lisizidi wala lisipungue. Wenye sauti ni wengi. Wenye hilo sijaona wengi. Mtangazaji akiongopa mara moja, mazishi yanakosa watu na chanjo inakosa watoto, na hao watoto unawajua majina."

Kalamu moja ilikuwa inaandika, nadhani ya wa falsafa.

"Umewahi kumpata?" mama akauliza.

"Nimempata mmoja. Matangazo yaliyowaleta hawa wazazi hapa aliandika yeye. Mimi nilifungua mdomo tu."

"Na nafasi unazo ngapi?"

Nyuma ya bega lake Dokta Mutalemwa akainua vidole vyote kumi. Mimi nilikuwa namtazama Deusi. Alipiga hatua akainama mezani kama anayesoma kibao, akaniambia kwa Kihaya, chini chini, wengine wasisikie:

"Tata, sema hata moja. Nikirudi nyumbani niwe na la kusema."

Hapo nikaelewa kitu nilichokuwa sijakielewa tangu Krismasi. Kumtoa binti yake chuoni hakutaka. Kule Muleba walikuwa wanamuuliza, ndugu, shemeji, wa kanisani, binti atafanya nini, na yeye hakuwa na neno. Mtu wa maneno machache, na hilo moja alikuwa hana. Alikuwa yuko tayari kuamini uongo, mradi mtu amwambie mbele ya watu.

Nami nilikuwa nimeshawatangazia wazazi Bukoba na Muleba kwamba watu wenye kazi wapo.

"Ninayo moja," nikasema.

"Ya nini?" mama akauliza.

"Ya kwangu."

Nikatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni mwa suruali, koti lilinisumbua kidogo, nikauweka mezani. Juu yake nikaweka maiki, ile niliyokuwa naivaa shingoni. Nikavisukuma upande wa Adela.

"Ukimaliza mwaka wako," nikamwambia. "Siyo kabla."

Adela alifungua macho. "Babu, sikusoma miaka mitatu nije kutangaza chanjo ya kuku."

"Chanjo ya kuku ikitangazwa vibaya kuku wanakufa, mama. Ukipata kazi kubwa zaidi, hizi utampa mwingine. Sikukufunga kamba."

"Na igizo letu?"

"Nani amekwambia pikipiki haibebi igizo? Gulio zima linasimama bure kila wiki, hawana cha kutazama isipokuwa mimi."

Alicheka, hakutaka lakini alicheka. Mgeni rasmi naye akageuka kwa Dokta akauliza igizo gani, na kwa nini hakuliona, na Dokta akaanza kueleza habari za muda.

Deusi alikuwa bado anautazama ufunguo. Mwishowe akauchukua yeye. Akaupangusa kwenye suti yake ya ndoa, akautia mfuko wa ndani.

"Nitamtunzia mpaka amalize," akasema, safari hii kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie. "Siku hiyo namkabidhi mwenyewe." Kisha kwangu, taratibu: "Na wewe, Tata, utatangazia nini?"

Nilivua koti nikamrudishia wa historia. Kadi nikambandikia Dokta kifuani, maana hakuna aliyekuwa anastahili cheo kisicho na kazi kuliko yeye, na alikuwa anaongea, hata hakujua. Nikatokea mlango wa jikoni. Ma Jovina alikuwa ameshaihama hoteli, yuko mekoni anaipuliza kuni ya mwisho.

"Unakwenda wapi, Ta? Ndizi zimeiva. Unarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikamwambia, nikashika njia ya Nshambya kwa miguu. Mpaka leo sijarudi.